Dakika ya Arobaini na Moja

4 Novemba 2020

Mpwa wangu Mkasi,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia, maana najua utasahau. Mimi mzima. Goti la kushoto linalalamika na la kulia linalisikiliza. Mwambie mama yako barakoa alizonishonea zimefika, zote sita, na hakuna hata moja inayonienea. Dada yangu bado anadhani nina miaka tisa. Huku habari zote huniletea jirani yangu, Mwalimu mstaafu, aliyefundisha darasa la pili miaka arobaini na mpaka leo anaongea na watu wazima kana kwamba wamekojoa kitandani. Kila asubuhi anasimama nje ya dirisha langu, hatua mbili kamili kama serikali ilivyoagiza, ananitajia aliyelazwa na aliyeruhusiwa. Yeye haingii ndani, nami sitoki.

Ukumbi wetu wa sinema umepangishwa mwuza magodoro. Miaka thelathini na nne nimesimama katika kile chumba cha mashine kule juu, nikionyesha filamu za wenye akili na za wapumbavu, na leo yamepangwa magodoro hadi darini. Si hasara kubwa. Watazamaji wa miaka ya mwisho walikuja kulala tu.

Sasa jambo lenyewe. Kamati ya tuzo za filamu imekosa watu, ikakosa na aibu, ikaniteua mimi niwe mwamuzi. Tuko tisa. Tumeapishwa tusimwambie mtu, nami nakuambia wewe kwa sababu wewe si mtu, wewe ni mpwa. Kwa kuwa kumbi zote zimefungwa, kila mwamuzi anaangalia kwake, kwenye kompyuta waliyotuletea mlangoni. Filamu ni kumi na mbili. Majina ya waliozitengeneza yamefutwa, zimebaki namba, na hiyo ndiyo wanayoiita haki. Fikiria: filamu ya mtu inahukumiwa na bwana mmoja aliyevaa soksi, anamenya chungwa! Unakumbuka nilivyokufundisha kuweka kiganja juu ya mashine yangu, ukajua mkanda unataka kukatika kabla haujakatika? Sasa weka kiganja juu ya kompyuta. Vuguvugu, basi.

Desturi yetu unaijua: kila mwaka tunatabiri washindi, na aliyekosea anaandika ukurasa mzima wa "Mimi sijui filamu". Safari hii mimi sitabiri, mimi nahukumu. Tabiri peke yako. Je, una kitu chochote mwaka huu, au bado unakata matangazo ya sabuni?

Mjomba wako


22 Novemba 2020

Mjomba,

Shikamoo. Umeona? Sikusahau. Mama anakusalimu, na anasema barakoa hazina kosa, uso ndio umevimba kwa kujisifu. Tunaishi wawili humu ndani tangu Machi na tumeshagombana juu ya kila sufuria. Sabuni niliiacha zamani. Sasa nahariri matangazo ya kunawa mikono. Nimemaliza nane. Mkurugenzi alirudisha moja kwa sababu mikono ile, alisema, "haikuonekana kuwa na matumaini." Mikono, Mjomba!

Pole kwa uamuzi, maana sitasema hongera. Naijua ile kamati. Mwenyekiti wake hajaona filamu tangu afike cheo cha kukaa mbele, na wale wengine hungoja asinzie ili wajue ni ipi inachosha. Umeingia zizini, usishangae harufu.

Mimi mwaka huu sina kitu.

Utabiri wangu ni huu, uuhifadhi: filamu iliyo bora kuliko zote itaangushwa, na wewe utakuwa mmoja wa watakaoisukuma. Nikishinda nataka ukurasa wangu, na uandike kwa mkono wako mwenyewe.

Halafu, huo mwandiko wako umepatwa na nini? Mistari inapanda mlima, na wa nne umeukalia wa tatu mabegani. Mama ameisoma barua kwa kioo cha kukuzia.

Mkasi


13 Desemba 2020

Mkasi,

Marahaba. Kalamu ndiyo mbovu. Mwambie mama yako aweke kioo chake kabatini. Wengine wote wazima, isipokuwa kinyozi wangu, ambaye amefunga duka, kwa hiyo nywele zangu zimenirudisha ujanani peke yao.

Nimefika nusu, bila kufuata mpangilio wa namba. Sijapata kukutana na takataka nyingi namna hii mahali pamoja, na nimewahi kuishi nyuma ya soko. Namba moja ni fidla mwanzo mwisho. Fidla inaanza kulia kabla mtu hajafiwa, anafiwa, inaendelea kulia, na mtu mwenyewe hapati nafasi. Namba tatu ni bwana anayepumua. Anapanda ngazi anapumua, anakula anapumua. Namba tisa wote wananong'ona, hata muuza samaki. Nani amewahi kununua samaki kwa muuzaji anayenong'ona? Hiyo ndiyo itakayoshinda, maana wajinga wakinong'onezwa hudhani wameambiwa jambo la maana.

Namba tano ndiyo imeniuma. Ni mwanamke anayefanya kazi kiwandani, kwenye mashine za kufuma nguo. Nakuambia ukweli, zile dakika arobaini za kwanza zilinikalisha kitako. Mashine zile! Unazisikia moja moja, mbovu na nzima, na mara moja mwanamke akacheka katikati ya kelele, nami nikacheka naye peke yangu chumbani. Kisha inafika dakika ya arobaini na moja, inakufa. Kimya. Hakuna kitu. Nimeianza mara tatu, na mara tatu imekatika palepale.

Huyo aliyeitengeneza ni mpumbavu wa kiwango cha juu. Mtu ana kipaji kama hicho halafu anapeleka filamu iliyokatika mashindanoni, hakujisumbua hata kuikagua! Zamani ningembebesha mkanda wake ashuke nao ngazi zote. Nitaingoja wiki chache, nijaribu mara moja tena, kisha nawaandikia sekretarieti.

Mjomba wako


5 Januari 2021

Mjomba,

Shikamoo. Nimechelewa kwa sababu mama alipata homa usiku wa tarehe kumi na tano, na siku kumi na moja nilikuwa namwekea chakula mlangoni na kusikiliza kikohozi ukutani. Sasa anakula, anatukana, amepona. Usimwandikie kwamba nimekuambia.

Kuhusu ile namba tano. Usiwaandikie sekretarieti. Tafadhali. Nasema kama mhariri tu, mtu anayejua mambo haya: yaweza kuwa haijakatika. Kaa nayo. Ikifika arobaini na moja usiguse kitu, angalia mbele tu mpaka mwisho. Si wewe uliyenifundisha kwamba mtazamaji anayeondoka kabla ya taa kuwashwa ni mwizi? Ninakuomba, na unajua mara ngapi nimekuomba kitu maishani mwangu.

Mistari bado inapanda. Hiyo kalamu mbovu imedumu sana.

Mkasi


19 Januari 2021

Mkasi,

Sijapata barua yako. Posta imefungwa wiki ya pili, karani mmoja aliugua wakawafungia wote. Natumaini ni hilo tu, na mama yako mzima. Hii nampa dereva wa lori la magodoro, atakuletea mkononi.

Nimejaribu mara ya nne, kimya kilekile. Nimewaandikia. Nawe hutaamini: kumbe si kompyuta yangu peke yake. Sekretarieti iliwauliza waamuzi wenzangu wanane, na wote wanane wakajibu kwamba hata kwao inakatika dakika ya arobaini na moja. Watu tisa wa sinema wamekubaliana jambo, andika tarehe ukutani. Namba tano imeondolewa. Nimesikitika kidogo kwa ajili ya mashine zile, lakini anayeleta kikapu kisicho na kitako asilaumu njia kwa maembe yaliyopotea.

Nijulishe hali ya dada yangu.

Mjomba wako


9 Februari 2021

Mjomba,

Leo sikuamkii. Mama ni mzima na amekasirika kuliko mimi.

Namba tano ni yangu. Nilikudanganya niliposema sina kitu, kwa sababu ulikuwa mwamuzi, na kwa sababu nilitaka, mara moja tu, uiangalie kazi yangu bila kujua ni ya nani. Miaka mitatu, Mjomba. Nilikuwa nakata sabuni mchana ili niikate ile jioni. Haijakatika! Yule mwanamke anapoteza kusikia kwa sababu ya mashine, na kuanzia dakika ya arobaini na moja tunasikia anachosikia yeye, yaani hakuna. Dakika ishirini na mbili. Sauti haipo, lakini skrini imejaa. Kipofu tu ndiye angesema hakuna kitu.

Sikiliza na hili. Linki ya filamu niliyowatumia inahesabu. Kila mwamuzi ana namba yake, nami naona aliishia wapi. Wenzako wanane hakuna aliyefika dakika ya ishirini. Mmoja aliacha ya sita. Walipoulizwa kama inakatika ya arobaini na moja walisema ndiyo, wasije wakaonekana hawakuangalia. Hao nimewadharau zamani, hawakunipunguzia kitu. Lakini mwamuzi namba saba alifika arobaini na moja mara nne, na huyo ni wewe, maana wewe peke yako uliniambia.

Kwa hiyo ulikuwa pale. Ulikuwa unaangalia nini? Nijibu swali moja, sitaki maelezo: yule mwanamke amejifunga kitambaa cha rangi gani kichwani? Kipo karibu kila mahali.

Mkasi


28 Machi 2021

Mkasi,

Barua hii anaandika Mwalimu wa jirani, neno kwa neno, bila kuongeza lake. (Nimeongeza alama za uandishi. Mwalimu.)

Rangi ya kitambaa siijui. Sijakiona kitambaa, sijamwona mwanamke, sijaiona filamu yoyote kati ya zile kumi na mbili. Ni mtoto wa jicho, yote mawili. Nilikuwa nipasuliwe Aprili ya mwaka jana, hospitali ikasema inapokea wagonjwa wa ugonjwa huu tu, wengine tungoje. Nikangoja. Kufikia Oktoba nilikuwa naona dirisha, basi. Zile barua nyingine niliandika kwa kuweka rula chini ya mstari, na rula ikiteleza ndipo mstari unapanda mlima. Zako zote alinisomea Mwalimu akiwa nje. Kompyuta nilibandika plasta kwenye vitufe nivijue kwa kidole, na filamu nilizisikiliza. Zilipotoa sauti nilijua zipo. Yako ilipoacha kutoa sauti nilijua imekufa.

Utauliza kwa nini sikusema. Mtu wa mashine ya sinema akisema haoni, amebaki na nini, goti? Na tena waliniuliza nionavyo. Miaka thelathini na nne hakuna hata mtu mmoja aliyepanda zile ngazi akaniuliza nionavyo. Nilipenda kuulizwa. Kwa kupenda huko nimeiangusha kazi yako, kwa mkono wangu, na barua niliwaandikia kwa majivuno. Naona haya mbele yako.

Nimewaandikia sekretarieti kuwa sioni na kwamba wale wanane ni waongo. Wamejibu matokeo ni ya mwisho, na wamenishukuru kwa kujitolea kwangu. Namba tisa imeshinda, nilikuambia. Sherehe ilifanywa mtandaoni, nikaisikiliza. Mshindi alipoitwa pakawa kimya dakika nne nzima, nikadhani na hiyo ni filamu yako. Kumbe alikuwa anahutubia na amesahau kuwasha sauti, na hakuna aliyemwambia. Alipomaliza wakapiga makofi.

Hasira yako ni haki yako. Usiipunguze kwa ajili ya macho yangu.

Mjomba wako

(Barua yako ya Februari nilimsomea mara moja. Siku nne hakuja dirishani. Mwalimu.)


11 Aprili 2021

Mjomba,

Shikamoo. Bado nina hasira, na nitakuwa nayo mpaka nichoke mwenyewe. Mama amelia, kisha akasema ulikuwa hivihivi ulipovunjika mkono ukiwa darasa la nne, ulikula kwa mkono wa kushoto wiki nzima ukisema umebadili tabia. Mwalimu, asante kwa kumsomea, na samahani kwa aliyoyaandika juu yako Novemba. Sasa tafadhali isome polepole, kuanzia hapa.

Dakika ya arobaini na moja. Mwanamke amesimama kati ya mashine mbili. Zote zinakimbia. Anageuka mara moja, haraka, kama mtu aliyedhani ameitwa. Hakuitwa. Anatazama mashine, anaona nyuzi zinakwenda, anagusa sikio lake, anatazama kidole. Hakuna damu. Anaendelea na kazi.

Dakika ya arobaini na nne. Msimamizi anasimama nyuma yake na kusema jambo. Tunauona mdomo wake ukisema, lakini mwanamke hamwoni. Anaona macho ya mwenzake wa mbele yakitazama juu ya bega lake, na kwa macho hayo anajua kuna mtu nyuma. Anageuka, anatikisa kichwa kukubali. Hajui amekubali nini.

Dakika ya hamsini. Nyumbani. Mgeni anabisha hodi. Tunaona komeo la mlango likitikisika, na mwanamke ameupa mlango mgongo, anachambua mchele. Komeo linatikisika. Linatulia. Anamaliza mchele. Hapo watu wa kampuni ya filamu walinisihi niweke muziki. Nikawaambia watoke chumbani kwangu.

Dakika ya hamsini na nane. Kiwandani tena. Mashine zake mbili zinakimbia, na yeye anaweka kiganja juu ya ile ya kushoto, bapa, vidole vimetanuka. Anangoja. Anahamia ya kulia, anangoja. Anarudi kushoto na uso wake unabadilika. Anavuta mkono wa kuzimia mashine. Wote wanamkodolea, msimamizi anakuja mbio na mdomo wazi. Mwanamke anafungua kifuniko, anatoa mkanda, anauinua juu. Umebaki uzi mmoja haujakatika. Hakuna aliyesikia ila yeye.

Dakika ya sitini na tatu. Anafungua mlango wa kiwanda, anatoka. Mwisho.

Sasa umeisikia. Rangi ya kitambaa sikuambii, nenda ukaione.

Mkasi


2 Mei 2021

Mkasi,

Marahaba. Mwalimu ameisoma mara tatu. Mara ya pili nilimwomba aache sauti ya darasani, na mara ya tatu alisoma vizuri mpaka kwenye komeo, akanyamaza mwenyewe. (Jua lilinipiga machoni. Mwalimu.) Amenibana nimwambie nilichoandika Novemba, nami nimemwambia nilimsifu. (Haniwezi. Mwalimu.)

Kiganja kile ni changu. Umekitoa kwenye chumba changu cha mashine bila ruhusa, ukamvika mwanamke wa kiwandani. Mwizi wa mchana kweupe. Nimekaa nacho juu ya meza tangu jana, nakifunga na kukifungua.

Hospitali imeanza kutuita sisi wengine. Jicho la kulia ni tarehe kumi na saba. Hukumu siitoi kwa kusomewa, nimeshatoa moja kwa kusikiliza na unajua ilikotufikisha. Kompyuta yao nimewaambia wataipata nikimaliza nayo.

Mjomba wako


6 Juni 2021

Mkasi,

Kijani. Kijani kilichopauka, na karibu na sikio la kushoto kina doa la grisi ambalo hukulitaja, ama hukuliona, nawe ndiye mwenye macho.

Nimeiangalia usiku mmoja na asubuhi yake. Mlango wa mwisho umeukata mapema. Mwanamke ametoka, sawa, lakini mwanga ulikuwa bado unaingia sakafuni na wewe ukaufunga kama mtu anayekimbilia basi. Ungengoja pumzi tatu. Mengine yote yaache yalivyo, na yeyote akikuambia uongeze muziki mlete kwangu, ngazi ninazo.

Ulitabiri vizuri. Ukurasa wako uko ndani ya bahasha hii, "Mimi sijui filamu," mistari ishirini na minane, kwa mkono wangu, bila rula. Mwambie mama yako hatahitaji kioo.

Mjomba wako